Kamashini ka Gisa na Ng'ombe Walioitika

Wale munaonifuata tangu mwanzo munajua nilishuka Walikale kutafuta nini. Wale munaofungua gazeti leo mara ya kwanza, nitawapa kwa kifupi, maana mambo haya hayaninyamazii hata nikiwa usingizini.

Kaka yangu Gisa alitoka kwetu Karuba, juu milimani Masisi, na ng'ombe za watu na tatu zetu, kuzishusha kwa miguu mpaka Walikale kwa wanunuzi wa nyama. Alisema atarudi mbele ya mahindi kukauka. Mahindi ilikauka, ikavunwa, ikapandwa tena. Gisa hakurudi.

Mama alibaki anajaza cansi ya Gisa. Cansi njo chombo cha muti tunachonywea maziwa kwetu, kila muntu wa nyumba na yake. Asubuhi anajaza. Magharibi maziwa imeganda, anatoa, anaosha, anajaza tena.

"Siku nitaigeuza mudomo chini, njo siku mutoto wangu amekufa," Mama alisema. "Mbele ya pale, munyamaze."

Lakini Francine, bibi ya Gisa, amechoka kuwa muntu ambaye si mujane na si bibi ya muntu. Simulaumu. Familia ilikaa, padri akakubali misa ya wafu. Misa hiyo ilikuwa siku hii ninayowaandikia. Mama akanitumia neno: "Murekatete, mbele padri aanze nitapanda kilima penye rezo ya telephone iko. Nitakuita. Utaniambia kitu kimoja tu: anapumua, ao hapumui. Ingine habari sitaki."

Na mara ya mwisho niliwaacha pale kwenye meza yangu, ndani ya chumba cha Noël cha jeu, ile michezo ya kwenye télé, ninapofanya kazi ya kutia watu nyimbo ndani ya carte mémoire za telephone. Muchuuzi mumoja wa ng'ombe, jina lake Déo, aliweka mbele yangu kamashini kadogo ka muziki, akasema niongeze nyimbo za kuchekesha safari.

Juu ya kifungo cha kuanzisha muziki kulikuwa tone la rangi nyekundu ya kucha.

Rangi ile ni yangu. Niliipaka mimi, ili kidole cha Gisa kipate kifungo ndani ya ukungu bila macho.

*

Muntu asiyependa vyombo atasema: tumashini si tunafanana twote? Hatufanani hata kidogo.

Telephone kwa muziki mimi siipendi. Ni kama mugeni anayejisemea yeye tu. Uko katikati ya wimbo, inakukata: unité za kupigia zimeisha, sijui nani ameandika, sijui batri. Zile radio za taa-taa wachungaji wanazovaa shingoni, hizo haziimbi, zinapiga kelele. Besi yake iko kama maharagi inayochemka na mufuniko. Lakini kamashini ka Gisa kanashika kola ya shati kama chawa. Vifungo vyake ni vifungo vya kweli, si kioo cha kupapasa. Na kanarekodi sauti. Nilikachagua mimi soko la Sake, nikakataa tungine twote tuliopambwa.

Kako na kilema kimoja. Sauti uliyorekodi ikifika mwisho, kanalia: tiit.

Noël anasema ile tiit inamutoboa masikio. Mimi njo kitu ninachokapendea. Kanakuambia ukweli: hapa imeisha, usingoje tena. Watu wachache wanakuambia vile.

Wakati huo Déo alikuwa ananitazama.

"Papa Déo," nikauliza, "kamashini haka ulikapata wapi?"

"Soko."

"Soko gani?"

"We dada, uko wa muziki ao uko wa polisi?"

Vijana waliokuwa wanacheza wakacheka. Nami nikacheka nao. Mimi sina haraka. Muntu mwenye haraka anapoteza maisha yote kwenye niveau ya kwanza ya jeu.

"Nyimbo nyingi itakawia," nikasema. "Kaa ucheze. Noël, mupe manette."

Chumba cha Noël kina console mbili. Vijana wanapigania ile nyembamba, mupya. Mimi natetea ile nene ya zamani. Inasoma CD iliyokwaruzwa mpaka utasema imelambwa na mbuzi. Groupe, ile mashini ya umeme, ikikohoa, moto ukatike, ile mupya inanuna, inakuuliza maswali. Ya zamani inaamka tu na kuendelea na kazi. Kifaransa changu kingi nilisomea humo. Shule niliachia ya sita primaire, lakini enregistrer, kutunza, reprendre, kuanza tena, effacer, kufuta, hayo hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Nilimupa Déo ile ya zamani. Manette yake, ile ya vifungo unayochezea, ni nzito, inajaza mikono miwili. Na muntu aliyeshika manette hana macho ya kitu kingine. Hilo nililijua kwa Gisa.

Tulikuwa na kajeu kadogo ka mukononi, ka matofali inayoanguka, tunakacheza zamu kwa zamu nyuma ya zizi. Jina langu mule ndani lilikuwa Tete. Ng'ombe ikitoroka, Gisa anaruka na kupiga kelele akikimbia: "Tete, weka pause!" Mimi nasimamisha jeu kwa kidole, nangoja. Hata mvua inyeshe, nangoja. Sikumuibia hata tofali moja. Neno lile hakuna muntu mwingine aliyekuwa nalo, hata Francine.

Basi Déo akacheza mpira wake. Mimi nikaunga kamashini kwenye ordinateur, kompyuta ya Noël, nikavaa écouteurs masikioni.

Nyimbo, nyimbo, nyimbo. Chini kabisa, sauti moja isiyo na jina.

Nikafungua.

Kwanza upepo. Halafu mluzi. Halafu Gisa, kaka yangu, karibu sana, kama anasimama nyuma ya kiti changu: "Heee-yo! Gaju, heee! Bihogo! Sine! Kuyeni kwangu!"

Niligeuka. Nawaambia ukweli wangu, niligeuka kutazama nyuma.

Nyuma kulikuwa ukuta.

Gaju, Bihogo na Sine ni zile tatu zetu. Lakini sauti haikuishia pale. Ikaita jina la nne: "Manette! Heee, Manette, fuata mama yako!"

Kwetu hatukuwa na ng'ombe inayoitwa Manette.

Halafu akakohoa. Kikohozi kimoja kikavu, kile anachopata akiita sana. Halafu: tiit.

Nikarudia. Mluzi, majina, kikohozi, tiit. Nikarudia. Ilipoingia kichwani kama maombi, niliicopier, ibaki pia kwenye ordinateur ya Noël, polepole, bila kutikisa bega.

Halafu nikachomeka baffle, ile spika kubwa ya mulangoni inayoita wateja, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

*

"HEEE-YO! GAJU, HEEE!"

Vijana wote wakageukia mulango. Kwenye télé, wachezaji wa Déo wakasimama kama nguzo. Noël, aliyekuwa anacheza naye, akamufunga.

"Goli!" Noël akasema, halafu akaona uso wa Déo. "Bwana, uko mugonjwa?"

"Zima," Déo akasema.

Sikuzima. Bihogo. Sine. Manette. Kikohozi. Tiit.

Inje, Papa Hubert akaanza kupiga kelele. Papa Hubert njo mwenye kiwanja; nyumba yake ni ya mwisho, nyuma kuna shamba la mihogo, na nyuma ya mihogo pori linaanza. Ni muwindaji, anasali kila siku ya Mungu, lakini ng'ombe anaiogopa kuliko chui.

"Ng'ombe! Ng'ombe iko nakanyaga mihogo yangu! Nyama kubwa vile na haikimbie muntu, hii ni nyama gani?"

Tukatoka.

Gaju alikuwa anasimama mbele ya baffle, kamba iliyokatika inaburuzika shingoni. Amekonda. Pembe yake ya kushoto bado inaangalia chini, kama nilivyomuacha. Alinusa baffle. Akalamba ule waya-waya wa mbele.

Mimi nilimukamua Gaju tangu nikiwa mutoto. Hakunitazama. Alikuwa anangoja baffle iseme tena.

Bihogo na Sine hawakuwa naye. Nyuma yake kulikuwa ndama, mweupe, na mabaka mawili ya mviringo kwenye paji, moja huku, moja huku. Kama vifungo.

"Hii ng'ombe ni ya kwetu," nikasema.

"Ni yangu," Déo akasema. "Nimenunua."

"Inaitwa nani?"

"Ng'ombe ya nyama haina jina."

"Basi muite vile unamuitaka," Papa Hubert akasema. "Sisi wa pori hatujue ng'ombe, lakini mbwa wangu akisikia sauti yangu anakuya. Ita, tuone."

Déo akapiga makofi. "Kuya! Kuya hapa!"

Gaju akanyanyua mukia, akaangusha mavi.

"Amekujibu, Papa Déo," Noël akasema. "Unataka aandike?"

Vijana wakacheka sana. Mimi sikucheka. Niliingia ndani, nikairudisha sauti mpaka jina la nne. "Manette! Heee, Manette!" Ndama akainua masikio, akaja mbiombio, akaweka paji lake kwenye baffle.

Hapo akili yangu ikafunguka.

"Papa Déo, huyu mutoto alizaliwa wapi?"

"Kwa njia. Huku karibu. Sijue."

"Gaju alitoka kwetu bila mimba ya kuonekana. Huyu amezaliwa huku, na Gisa amemupa jina. Kwa hiyo huyu akizaliwa, kaka yangu alikuwa anapumua. Uko unanisikia? Alikuwa anapumua, na kamashini kake weye njo umekaleta."

Déo akanigeuzia mugongo. Akaingia ndani, akachomoa kamashini kwenye waya. Niliona kidole gumba chake kinatafuta. Niliona kioo kidogo kinauliza vile kinaulizaka: Voulez-vous vraiment effacer? Unataka kweli kufuta?

Mashini ile ina adabu. Inauliza kila mara.

Akabonyeza oui, ndiyo.

"Sasa," akasema, na jasho linamutiririka, "hakuna sauti. Hakuna Gisa. Tumalize."

"Iko ndani ya ordinateur, Papa."

Nilifikiri atanipiga. Noël pia alifikiri hivyo, maana alijitia katikati yetu na manette mukononi kama jiwe. Lakini Déo alishuka, akakaa kwenye benchi ya wachezaji, akaanza kunibembeleza kama mutoto.

"Dada yangu, futa na ile. Nakuomba. Haujue uko naita nani."

"Naita ng'ombe zetu."

"Ng'ombe hizi hazifuate muntu! Tulijaribu fimbo. Tulijaribu chumvi. Zinalala chini, zinakutazama. Zinatembea tu na ile sauti. Mimi navaa kamashini, ile sauti inatangulia, sisi tunafuata nyuma kama mikia. Unajua vile iko, kutembea mu pori siku muzima nyuma ya sauti ya muntu haumuone?"

"Na mwenyewe?"

"Mimi nilipewa sauti. Muntu sikupewa."

"Nani alikupa?"

Alifungua mudomo kusema. Naapa alikuwa anataka kusema.

Na pale, nyuma ya mihogo, ndani ya pori, mluzi ukapigwa.

*

"Heee-yo! Gaju, heee! Bihogo! Sine!"

Kwanza nilitazama baffle. Baffle ilikuwa imenyamaza. Nikatazama mikono ya Déo. Kamashini kalikuwa kwenye kiganja chake, kioo cheusi, kimezimwa.

"Miye hapana," Déo akasema. Akakainua juu. "Munaona? Miye hapana."

Gaju akageuka. Mutoto wake akageuka naye. Walianza kutembea kuelekea mihogo, bila haraka, kama ng'ombe inayorudi zizini.

Nilitoka mbio mpaka mwisho wa kiwanja. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, pori lote linatoa moshi, jua linapiga juu yake, na huoni hata muti wa pili. Nilijaza kifua niitike. Kwetu milimani muchungaji akiita ndani ya ukungu, unaitika upesi, ajue uko wapi, asipotee kwa ajili yako. Tunafundishwa hivyo mbele ya kufundishwa kusali.

Mukono wa Papa Hubert ukaniziba mudomo. Ulinuka moshi na nyama.

"Hapana," akaninong'oneza. "Kwetu, sauti ya pori ambayo mwenyewe haumuone, haiitikiwe. Anyamaze, atoke, tumuone miguu. Mbele ya pale haumupatie sauti yako."

"Ni kaka yangu," nikasema ndani ya kiganja chake.

"Njo vile wote wanasemaka."

"Manette!" pori likaita. "Heee, Manette, fuata mama yako!"

Ni hapo nilipokumbuka kazi yangu. Nilijiambia: Murekatete, weye si mutoto. Kuna baffle ndogo za mukononi, mwenzake Déo anaweza kuwa nayo. Sauti ile ile inaweza kukaa ndani ya tumashini kumi. Tulia, sikiliza. Sasa kitakuja kikohozi.

Kikaja. Kikohozi kimoja kikavu. Kile kile.

Basi ni mashini, nikajiambia. Nikafunga macho, nikangoja tiit.

Haikulia.

Nilingoja. Nyinyi munajua mimi najua kungoja. Majani yalidondosha maji. Papa Hubert alipumua shingoni kwangu. Hakuna tiit. Hakuna mwisho. Na ndani ya ule moshi, polepole, kama muntu aliyeketi na kusimama tena, sauti ikasema kitu ambacho hakikuwa ndani ya kamashini:

"Tete! Weka pause!"

 Kama Papa Hubert hakunishika ningelala ndani ya mihogo yake.

"Amesema nini?" akauliza. "Ile ni luga gani?"

Mbele nimujibu, telephone yangu ililia.

Ilikuwa Mama. Nilisikia upepo wa Karuba, na nyuma ya upepo watu wengi wanaongea chini-chini, kama wanavyoongea watu mbele ya kilio.

"Murekatete. Padri iko hapa karibu yangu, amekwisha kuvaa. Cansi iko mu mukono yangu. Sema."

"Mama..."

"Anapumua, ao hapumui?"

Papa Hubert alikuwa anatikisa kichwa: usiseme. Noël alikuwa amefika nyuma yetu, manette bado mukononi, waya unaburuzika kwenye matope. Déo alikuwa amejificha uso.

Nilifikiri juu ya neno lile. Hakuna muntu mwingine aliyekuwa nalo. Nilifikiri juu ya tiit ambayo haikulia.

"Anapumua, Mama," nikasema. "Nimemusikia."

 Alipiga kigelegele kimoja, kirefu, ambacho sijawahi kukisikia ndani ya kinywa cha Mama tangu Baba afe. Nikamusikia anageuka: "Baba Padri, vua ile nguo ya zambarau ya wafu. Vua! Francine, lete maziwa, ile ya moto, jaza mpaka juu, mwanangu iko nakuya!" Na watu wakaanza kulia na kucheka pamoja, kilima muzima. Rezo ikakatika.

Papa Hubert aliona ninajaza kifua, akarudisha mukono juu ya mudomo wangu, nami nikautoa. Kidole kwa kidole. Hakunizuia tena, alifanya ishara ya musalaba.

Nikaitika. Kama tunavyoitika kwetu, kutoka tumboni:

"Yeee, Gisa! Niko hapa! Niko hapa, kaka!"

Pori likanyamaza.

Gaju alikuwa amefika mwisho wa mihogo. Akaingia ndani ya moshi, kwanza pembe, halafu mugongo. Ndama akamufuata. Jani moja likarudi mahali pake.

Halafu, pale pale walipoingilia, karibu kuliko nilivyofikiri, ndogo, safi, kama inavyotoka ndani ya baffle nzuri:

Tiit.